Mazembe: kabla ya kuuliza nani anakuja, iulizwe nani anabaki

Lubumbashi. Shampiona imelala, geti la uwanja wa Kamalondo limefungwa, lakini mdomo wa mpenzi wa Mazembe haujafungwa. Kila mtaa sasa una antrenere wake. Katuba wana orodha yao ya wachezaji wa kununua, Ruashi wana yao, Kampemba nao wana yao. Kwenye simu picha zinapita usiku na mchana: mshambuliaji wa Zambia aliyevalishwa jezi nyeusi na nyeupe kwa ufundi wa simu tu, beki wa Mali ambaye «amekwisha kusaini», kipa wa Côte d'Ivoire ambaye ndege yake «inatua kesho Luano». Kesho inafika, ndege inatua, anashuka mfanyabiashara na mifuko yake.

Kutumaini si kosa. Mji ambao timu yake imechukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika mara 5, miaka ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, una haki ya kuota. Kosa liko kwenye swali lenyewe. Kila mapumziko ya msimu Lubumbashi inauliza swali moja: nani anakuja? Karibu hakuna anayeuliza: nani anabaki? Na kumbe historia nzima ya Mazembe, ukiifungua ukurasa kwa ukurasa, inasema kwamba kombe halikuletwa na yule aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita. Lililetwa na watu waliokaa.

Watu wanazungumza juu ya 2009 na 2010 kama kwamba zilikuwa ajali ya bahati. Hazikuwa bahati. Mazembe ilingoja miaka 41 tangu kombe la 1968 mpaka lile la 2009, iliposhinda Heartland ya Nigeria kwa bao la ugenini. Mwaka uliofuata Espérance ya Tunis ilikuja Lubumbashi na kufungwa 5-0, kisha mchezo wa Tunisia ukaisha 1-1. Desemba 2010 ekipe ilienda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Iliwatoa Pachuca ya Mexico 1-0, ikawafunga Internacional ya Brazili 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, ikawa kilabu cha kwanza cha Afrika kufika fainali ile. Inter ya Milano ikashinda 3-0, lakini hakuna aliyerudi nyumbani na aibu.

Sasa wale wanaoshika orodha mkononi wakumbuke jambo moja. Abu Dhabi Mazembe ilifika bila Trésor Mputu. Nyota mkubwa kuliko wote, aliyekuwa mchezaji bora wa wale wanaocheza ndani ya Afrika mwaka 2009, alikuwa amefungiwa na FIFA mwaka mzima kwa yaliyotokea Kigali. Kama ekipe ile ingekuwa orodha ya majina makubwa, ingekufa siku ileile. Haikufa, kwa sababu Kidiaba alimjua beki wake, beki alimjua kiungo wake, na kiungo alijua Kaluyituka atakimbilia wapi kabla hajakimbia. Kujuana kwa namna ile hakuuzwi sokoni. Kunatokea kwa kufanya mazoezi pamoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Robert Kidiaba alisimama langoni mwaka 2009, 2010, na alikuwa bado yupo mwaka 2015. Dunia yote ilimjua kwa namna alivyoruka chini kwa makalio kila bao lilipoingia. Watoto wa Lubumbashi wanamjua kwa sababu nyingine: alikuwepo. Mihayo Kazembe alicheza Abu Dhabi, akabaki ndani ya nyumba, akawa antrenere, na mwaka 2017 akaiongoza Mazembe kuchukua Kombe la Shirikisho. Mtu aliyekaa anaendelea kuzaa matunda hata baada ya kuvua viatu.

Wapo watakaojibu haraka: «Lakini Mazembe ya zamani ilikuwa inanunua! Ilijaa Wazambia, Waghana, Wamali, Watanzania!» Ni kweli kabisa, na ni jibu linalowahukumu wenyewe. Mzambia Rainford Kalaba alifika mwaka 2011. Alikaa zaidi ya miaka 10. Mbwana Samatta alifika mwaka huohuo kutoka Simba ya Dar es Salaam, kijana wa miaka 18, baada ya Mazembe kumwona akicheza dhidi yake. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, naye alifika mwaka 2011. Je, Samatta alileta kombe la Afrika mwaka 2011? Hapana. Mwaka 2012? Hapana. Mwaka 2013 na 2014 pia hapana. Kombe lilikuja 2015, msimu wake wa tano, Mazembe ilipowafunga USM Alger 2-1 kwao na 2-0 hapa Kamalondo, Samatta akifunga katika michezo yote miwili. Mwezi wa Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa wale wanaocheza Afrika, na mwezi huohuo akaenda Genk ya Ubelgiji.

Kijana yule angefika leo, supota wa leo angempa muda gani? Michezo mitatu bila bao, na sauti zingeanza kutoka jukwaani: «Arudi kwao!» Msimu mmoja bila kombe, na orodha mpya ingeandikwa. Mashabiki wanaomlilia Samatta leo ndio hao wanaowachoma vijana wa leo kwa matusi kabla hawajafika miaka 20. Hawawezi kuwa na vyote viwili. Anayetaka Samatta mwingine lazima akubali miaka minne ya kungoja.

Matokeo ya kutongoja yako wazi. Mwaka 2024 ilionekana kwamba mlango umefunguka tena. Mazembe ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatoka sare 0-0 na Al Ahly hapa Lubumbashi, kisha ikafungwa 3-0 Cairo. Ekipe ile ilikuwa changa. Ilihitaji kuongezewa watu wawili watatu wazima, na kuachwa ikue. Msimu uliofuata, ekipe ilishika nafasi ya mwisho kwenye kundi lenye Al Hilal ya Omdurman, MC Alger na Yanga. Pale Dar es Salaam, Januari 2025, Yanga iliwafunga 3-1. Miaka si mingi nyuma, mchezaji mzuri wa Dar alikuwa anaota kuvuka Ziwa Tanganyika kuja kuvaa jezi ya Mazembe. Siku ile Dar ilionyesha kwamba njia imegeuka.

Na kweli imegeuka. Jean Baleke alitoka Mazembe kwa mkopo kwenda Simba, Januari 2023, na Watanzania wakafurahia mabao yake. Beki Chadrack Boka alitoka Saint-Éloi Lupopo, jirani wa reli, akaenda Yanga mwaka 2024. Maxi Nzengeli alitoka Maniema Union ya Kindu. Elie Mpanzu alitoka V.Club. Na Fiston Mayele, mtoto wa Mbuji-Mayi, alitoka V.Club mwaka 2021, akafunga Yanga mpaka akaimbwa, akaenda Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga bao kwenye fainali iliyowapa Pyramids Ligi ya Mabingwa yao ya kwanza. Bao la Mkongomani lilileta kombe la Afrika, lakini kombe lenyewe lilikwenda Cairo. Hilo ndilo jambo ambalo orodha za WhatsApp hazisemi: Congo haina njaa ya wachezaji. Congo ina njaa ya kuwashika.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kamalondo mgeni anakuja, anamkuta mwenyeji amekwisha kufunga mizigo.

Kwa nini wanaondoka? Si uchawi na si usaliti. Kijana wa mpira anakula kwa miguu yake, na miguu ina miaka 12 au 15 tu ya kazi. Tanzania ilisaini mwaka 2021 mkataba wa televisheni wa miaka 10 na Azam, shampiona yao inaonekana kila wiki, mchezaji anajua atacheza lini na nani atamtazama. Huku kwetu Congo kalenda inaweza kukatika katikati. Vita ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, hakuna mwenye moyo aliyewalaumu watu wa mashariki kwa kufikiri usalama wa watoto wao kabla ya mpira. Lakini hata katika miaka ya utulivu shampiona ya Congo ilijua kusimama wiki na wiki bila maelezo. Mshambuliaji asiyecheza hafungi, na asiyefunga haonekani. Anayetaka kuonekana anapanda basi au ndege.

Hapo ndipo wanaosimamia kilabu wanapaswa kuulizwa, kwa heshima lakini bila kupindapinda. Sheria ya FIFA inaruhusu kontra ya mpaka miaka 5 kwa mtu mzima, na miaka 3 kwa aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mchezaji akibakisha miezi 6 kwenye kontra yake anaweza kuzungumza na kilabu kingine na kusaini bila kilabu chake kupata hata franga moja ya uhamisho. Kwa hiyo tarehe kubwa ya mapumziko haya si siku ndege inatua Luano. Ni siku mtu wa ofisi anafungua kabati, anatoa makaratasi, na kuhesabu: huyu amebakiza miaka mingapi, huyu miezi mingapi, na huyu ambaye kila mtu anamtaka, tumeongea naye lini kwa mara ya mwisho?

Mazembe inajua kuliko kilabu kingine chochote cha Afrika karatasi mbaya inagharimu nini. Mwaka 2011 ilikuwa bingwa mtetezi. Iliwatoa Simba, ikawatoa Wydad ya Casablanca. Simba ikalalamika kwamba beki Janvier Bokungu hakuwa na ruhusa ya kuchezea Mazembe kwa sababu ya kontra yake na Espérance. CAF ikakubali, na Mazembe ikatupwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Ekipe iliyotoka fainali ya dunia miezi mitano tu kabla, ilifungwa na faili. Ajabu ni kwamba mashindano yaleyale yaliyowapa Mazembe Samatta ndiyo yaliyowanyang'anya kombe. Aliyenunuliwa vizuri alileta taji miaka minne baadaye. Aliyesajiliwa vibaya alilipoteza taji papo hapo. Pamoja na hayo, hakuna supota anayeandika kwenye orodha yake: «katibu mmoja mzuri, anayesoma sheria usiku.»

Wapo wengine wenye jibu lao: Raisi atalipa. Moïse Katumbi ameshika kilabu tangu 1997, alijenga uwanja wa Kamalondo wenye viti karibu 18,000, uliofunguliwa 2011, na bila mfuko wake hakungekuwa na Abu Dhabi. Hilo halina mjadala, na anayelikana ni mtu asiye na shukrani. Lakini mfuko mmoja ni mti mmoja, na mti mmoja hauzuii upepo. Raisi huyo ni mtu wa siasa, amekuwa gavana, amegombea urais wa nchi Desemba 2023, na kati ya Mei 2016 na Mei 2019 alilazimika kuishi nje ya Congo. Siasa za nchi hii zinajulikana. Kuweka maisha ya ekipe yote juu ya kichwa cha mtu mmoja si kumpenda, ni kumlemea.

Na tazama kilichotokea katika miaka ile alipokuwa mbali. Mwaka 2016 Mazembe ilichukua Kombe la Shirikisho mbele ya MO Béjaïa ya Algeria. Mwaka 2017 ikalichukua tena mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Bila mwenye mfuko kuketi jukwaani Kamalondo, ekipe ilishinda mara mbili. Ilishindaje? Kalaba alikuwa bado yupo. Wengi wa wale wa 2015 walikuwa bado wapo. Samatta alikuwa ameondoka, na nyumba haikuanguka, kwa sababu nguzo nyingine zilibaki. Huo ni ushahidi kuliko hotuba yoyote: ekipe iliyokaa pamoja inavuka hata mwaka wa shida.

Basi mapumziko haya mpenzi wa Mazembe atumaini nini? Kuna mambo matano yanayofaa kutumainiwa, na yote yanaweza kufanyika.

La kwanza, vijana bora wa nyumbani wapewe kontra ndefu sasa, kabla shampiona haijaanza na kabla mtu wa kati hajawapigia simu. Kilabu kina shule yake, Katumbi Football Academy, na hakuna maana ya kufundisha mtoto miaka sita ili Dar, Casablanca au Cairo wavune. Kontra hiyo iongezwe mshahara kila mwaka kadiri anavyocheza. Kijana asisaini kwa kuogopa, asaini kwa sababu hesabu inamfaa.

La pili, waongezwe watu wachache, waliokomaa. Ekipe changa haihitaji wageni 10. Wageni 10 wanakuja na lugha 5 na wakala 10, na mwezi wa Desemba nusu yao wako benchi wakilalamika. Mshambuliaji mmoja aliyekwisha kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa, beki mmoja wa kati anayejua kupiga kelele mchezo ukiwa moto: hao wawili wangeisaidia sana ekipe iliyofika Cairo mwaka 2024. Waje kama Kalaba alivyokuja, kukaa. Sio kama mtu anayepita sokoni kuonja maembe.

La tatu, majina ya usajili yatangazwe na kilabu chenyewe, kwa tarehe inayojulikana. Simba wana siku yao na Yanga wana wiki yao. Uwanja unajaa, kila mchezaji anaitwa kwa jina mbele ya watu, na uvumi unakufa siku hiyo. Lubumbashi, mji wenye mapenzi makubwa kuliko hayo, unaachiwa kuishi kwa uvumi wa mitandaoni. Ukimya wa ofisi ndio shamba ambamo uongo unaota.

La nne, supota naye alipe. Hili halipendezi masikioni, lakini lisemwe. Wale wa «100%» wanaimba kwamba wao ni Mazembe kwa asilimia 100. Wengi ni kweli. Wanasafiri, wanalala stendi, wanakosa chakula kwa ajili ya ngoma na bendera. Lakini wapo wanaodai mchezaji wa mamilioni kisha wanatafuta rafiki wa kuwapitisha getini bila tiketi. Bukari hailiwi bila mtu kununua unga. Viti 18,000 vikilipiwa kwa bei ndogo, kila mchezo, jezi halisi zikinunuliwa badala ya zile za bandia, hapo supota ana haki ya kugonga mlango wa ofisi na kuuliza mpango. Asiyelipa anaomba. Anayelipa anauliza.

La tano, watu wa Mazembe watazame nyumbani mwao wenyewe. Ekipe ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake Novemba 2024, ikiwafunga AS FAR 1-0 huko kwao Moroko, chini ya antrenere Mmoroko Lamia Boumehdi. Ni ekipe iliyojengwa kwa miaka michache tu. Orodha zao za usajili hazikuwa zikizunguka kwenye simu za watu. Hakuna mtaa uliokesha ukibishana nani atacheza namba 9. Waliachwa wafanye kazi, na wakafanya. Labda kelele za wanaume wa jukwaani ni mzigo kuliko msaada.

Lipo pingamizi moja zito, na halistahili kukwepwa. Mtu anaweza kusema: kumshika kijana ni kumfunga. Mputu alikuwa na kipaji cha kucheza popote duniani, na maisha yake yote hakuwahi kuchezea kilabu cha Ulaya. Kuna wanaoamini kwamba Lubumbashi ilimpenda mpaka ikamnyima dunia. Familia ya mchezaji haili kombe. Mama wa Katuba aliyemlea mtoto kwa kuuza makala hawezi kuambiwa avumilie eti kwa sababu jukwaa linataka kuimba.

Pingamizi hilo ni la kweli, na ndiyo sababu neno «kubaki» lisieleweke kama gereza. Kubaki kuna mwanzo na kuna mwisho. Samatta alibaki karibu miaka 5, akaondoka akiwa bingwa wa Afrika, Genk ikapata mtu aliyekomaa, na mwaka 2019 akawa bingwa wa Ubelgiji, kisha 2020 akaingia Aston Villa kwenye ligi ya Uingereza. Hakupoteza chochote kwa kungoja. Alipata bei na jina. Jackson Muleka naye alitoka Mazembe mwaka 2020 kwenda Standard ya Liège, Meschack Elia akaenda Young Boys ya Uswisi. Ulaya haichukii mchezaji aliyekomaa Lubumbashi. Inayemtupa baada ya miezi 6 ni yule aliyekwenda mbichi. Na kilabu kilichomlea kati ya miaka 12 na 23 kina haki, kwa sheria ya FIFA, ya kupata sehemu yake katika ile asilimia 5 inayokatwa kila anapouzwa nchi nyingine kabla kontra haijaisha. Kwa hiyo kumwacha aondoke kwa utaratibu ni faida kwa mama wa Katuba, kwa kilabu na kwa mtoto mdogo anayefuata. Kumwacha aondoke kwa ugomvi, usiku, kontra ikiwa imekufa, ni hasara kwa wote isipokuwa wakala.

Kinachotakiwa basi ni makubaliano ya wazi: kijana anatoa misimu 3 au 4 mizima, kilabu kinatoa mshahara unaofika kwa wakati, matibabu anapoumia, na mlango uliofunguliwa kwa tarehe iliyoandikwa. Mshahara unaofika kwa wakati una nguvu kuliko wimbo wowote. Mchezaji anayelipwa tarehe 30 hasikilizi simu ya tarehe 31.

Nao mashabiki wana sehemu yao ya makubaliano: kunyamaza mtoto anapokosa bao. Wale waliokuwepo Kamalondo mwaka 2015 wanajua jinsi uwanja ulivyotikisika dhidi ya USM Alger. Wakumbuke pia michezo ya 2012 na 2013 ambayo hakuna anayeisimulia, pale kijana wa Tanzania alipokuwa anajifunza, anapoteza mpira, anaanguka, anainuka. Bila jioni zile zisizo na wimbo, usiku wa 2015 haupo.

Orodha za majina zitaendelea kupita kwenye simu mpaka dirisha la usajili lifungwe. Zipite. Lakini supota anayetaka kombe la sita la Afrika aanze orodha yake kwa majina ya wale ambao tayari wana kabati lao kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na pembeni ya kila jina aandike mwaka ambao kontra yake inaisha. Kama hajui mwaka huo, aende akaulize kwenye ofisi ya kilabu. Na kama ofisi nayo haijui, basi huko ndiko usajili wa kwanza wa mapumziko haya unapotakiwa kufanyika.